Walimu wa Kantri: Ziara kutoka Bristol hadi Kapkatet

Katika mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia, huko Marekani, uko mji uitwao Bristol ambao barabara yake kuu imegawanywa katikati na mpaka wenyewe, hata mtu akivuka kutoka duka la upande huu kwenda duka la upande wa pili huwa ametoka jimbo moja akaingia jingine, na vibamba vya shaba vilivyopachikwa barabarani humwonyesha mahali alipovukia. Katika barabara hiyo, kwenye ghorofa za juu za jengo lililokuwa la kampuni ya kofia, mwishoni mwa Julai 1927, wakala wa kampuni ya santuri ya Victor aliyeitwa Ralph Peer alitundika mablanketi kutani ili kuua mwangwi, akasimamisha mitambo yake, akawaita waimbaji wa milimani waje wasikilizwe. Kwa muda wa siku kumi na mbili, kuanzia tarehe 25 Julai hadi tarehe 5 Agosti, vikundi 19 viliimba mbele yake, na nyimbo 76 zikanaswa katika nta. Jengo lile halipo tena, na mahali pake panatambulika kwa bamba la kumbukumbu tu. Lakini mnamo 1998 Bunge la Marekani lilikiri rasmi kwamba mji huo ndio kitovu cha muziki wa kantri, na tangu 2014 pana jumba la makumbusho linalomweleza mgeni habari za siku zile kwa sauti na picha.

Makusudi ya makala haya si kurudia sifa za mashuhuri wa muziki huo, ambazo zimeandikwa mara nyingi na kwa ufasaha, bali ni kuzuru baadhi ya mahali pake na kuuliza, kila tunapofika, swali ambalo watu wa pwani yetu hawakosi kuliuliza wanapokutana na fundi wa kazi yoyote, awe msomi wa tajwidi, mwunda majahazi au mpiga udi: ni nani aliyemfundisha? Kazi isiyokuwa na silsila haina shahada, na mimi naamini kwamba historia ya kantri, ambayo aghalabu husimuliwa kama habari ya watu weupe wa mashambani waliochipua wenyewe milimani, husomeka vingine kabisa pindi silsila yake inapofuatwa jina baada ya jina.

Peer hakuja Bristol kwa mapenzi ya nyimbo zile. Alikuja kwa biashara, na ni vema neno hili lisemwe mapema, kwa kuwa biashara ndiyo iliyoamua nani asikike na nani asahauliwe. Katika miaka ile redio ilikuwa imepunguza mauzo ya santuri mijini, na wenye viwanda wakawa wanatafuta wanunuzi wapya. Naye Peer alikuwa amekwisha kujifunza jambo huko Atlanta mnamo 1923, alipomnasa sauti mpiga fidla mzee John Carson, akauona uimbaji wake mbovu kupita kiasi, akakubali kutoa nakala 500 tu kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa mji ule, na nakala hizo zikanunuliwa mara moja hata zikahitajika nyingine. Miaka michache baadaye mikrofoni ya umeme ilichukua nafasi ya lile tarumbeta kubwa ambalo mwimbaji alilazimika kulipigia kelele, na sauti ndogo ya mtu aliyezoea kuimba barazani kwake ikaweza kunaswa kama ilivyo. Hatimaye, gazeti la Bristol lilipochapisha habari kwamba Ernest Stoneman, mwimbaji wa milima ile ile, alikuwa amepata dola 3,600 za mrabaha katika mwaka uliotangulia, watu walianza kuteremka kutoka mabondeni kwa treni, kwa magari na kwa miguu, kila mmoja na chombo chake mkononi.

Yaliyotukia Bristol hayakuwa mbali na yaliyotukia kwetu. Nembo ya mbwa anayesikiliza tarumbeta la gramafoni, iliyobandikwa juu ya santuri za Victor, ndiyo hiyo hiyo iliyobandikwa juu ya santuri za kampuni ndugu ya Uingereza, His Master's Voice. Na kampuni hiyo ndiyo iliyomchukua Siti binti Saad na wenzake mwezi Machi 1928, yaani miezi minane baada ya Bristol, ikawavusha bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zinaswe kwa Kiswahili. Hesabu ya wafanyabiashara ilikuwa moja: mtu hununua gramafoni akijua kwamba atasikia humo lugha ya nyumbani kwake. Binti wa mfinyanzi wa Fumba na wakulima wa Virginia waliingia katika kitabu kimoja cha mahesabu pasipo kujuana, na anayependa kuwasoma pamoja hafanyi kosa.

Miongoni mwa walioteremka kwenda Bristol walikuwako watu watatu kutoka Maces Spring, kijiji cha Virginia kilichoko chini ya mlima, katika bonde ambalo wenyewe waliliita la kimaskini. Walikuwa Alvin Pleasant Carter, mwuza miche ya miti ya matunda, mtu mrefu mwenye mtikisiko wa mikono na sauti; mkewe Sara, aliyekuwa na sauti nzito na tulivu; na Maybelle, binamu wa Sara na mke wa ndugu yake Carter, msichana wa miaka 18 ambaye mimba yake ilikuwa imebakisha wiki kadhaa kutimia. Safari yao haikuzidi maili thelathini, lakini ilikula karibu siku nzima, kwa kuwa palikuwa na mto wa kuvuka pasipo daraja, na mipira ya gari ikapasuka katika joto la kiangazi, na mtoto mchanga wa Sara alikuwa garini akitaka kunyonyeshwa. Jioni ya tarehe 1 Agosti waliimba nyimbo nne, na asubuhi yake Sara na Maybelle wakaimba mbili zaidi. Maybelle alipiga gitaa kwa namna yake, akiuchezesha wimbo wenyewe kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikipapasa nyuzi nyembamba kushika mdundo, na namna hiyo ikaja kuwa darasa la wapiga gitaa wa nchi nzima.

Nyimbo zilipohitajika zaidi ya zile walizozijua, Carter alianza kuzurura vijijini akizikusanya, na hapa ndipo anapoingia mtu wa kwanza wa silsila yetu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye santuri hata moja ya akina Carter. Aliitwa Lesley Riddle, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Burnsville, katika North Carolina, akakulia Kingsport, Tennessee. Alikuwa amepoteza mguu wa kulia katika ajali ya kiwanda cha saruji, na baadaye vidole viwili vya mkono kwa ajali ya bunduki, na pamoja na hayo alikuwa hodari wa gitaa aliyeheshimiwa mji mzima. Carter alikutana naye yapata 1928, wakaanza kusafiri pamoja. Walipoingia katika nyumba ya mtu anayejua wimbo wa zamani, Carter aliandika maneno katika karatasi, na Riddle aliyashika mahadhi kichwani, kwa kuwa mwenzake hakuwa na kumbukumbu ya mahadhi. Na waliporudi Maces Spring, Riddle aliwapigia Sara na Maybelle ule wimbo hata wakaushika. Mwenyewe Maybelle alikiri kujifunza kwake. Katika nchi ambayo sheria za kusini yake ziliwakataza watu wa rangi mbili kula meza moja mkahawani, watu hawa wawili walikula pamoja na kulala katika nyumba moja bondeni mle, na baadhi ya nyimbo zinazoimbwa leo kama urithi wa wazungu wa milimani zilipita kwanza katika masikio ya mtu huyu. Riddle aliacha muziki, na miaka ilipita mingi kabla ya mwanamuziki Mike Seeger kumtafuta, katika miaka ya 1960, akamshawishi ashike tena gitaa na kunaswa sauti.

Maces Spring inafikika hata sasa. Duka alilolifungua Carter baada ya kuachana na muziki limefanywa makumbusho, kibanda cha magogo alimozaliwa kimehamishiwa kando yake, na katika ukumbi uliojengwa na binti yake Janette, ambaye alianza kuandaa maonyesho kijijini hapo mnamo 1974 ili kutimiza ahadi aliyompa babake, hupigwa muziki kila Jumamosi kwa masharti yaliyowekwa na mwenye nyumba: vyombo viwe vya mkono visivyotumia umeme, na ulevi usiingie mlangoni. Johnny Cash, aliyemwoa June, binti wa Maybelle, ndiye aliyesamehewa sharti la umeme, na jukwaani pale ndipo aliposimama kwa mara ya mwisho mbele ya watu, tarehe 5 Julai 2003, miezi miwili kabla ya kufa kwake.

Sikiliza sasa kisa cha jinsi nyumba ya akina Carter ilivyovunjika, nacho ni kisa ambacho mtunzi wa riwaya angeogopa kukibuni. Carter alipokuwa akisafiri kutafuta nyimbo, binamu yake aitwaye Coy Bayes alimsaidia Sara kazi za nyumbani, na mapenzi yakaingia. Jamaa walipotambua, wazazi wa kijana wakahamia California pamoja naye, na barua alizoandika Sara hazikumfikia. Sara akaachana na mumewe, lakini waliendelea kuimba pamoja, kwa kuwa riziki ilikuwa humo. Mnamo 1938 kundi lilipata kazi katika redio ya XERA, iliyosimamishwa upande wa Mexico wa mto wa mpakani na John Brinkley, mtu wa Kansas aliyejipatia utajiri kwa kuwapasua wanaume wazee na kuwapandikizia korodani za mbuzi akiwaahidi kurudi ujanani, na ambaye alijenga redio nje ya nchi baada ya serikali kumnyang'anya leseni. Mitambo yake ilikuwa na nguvu ya wati 500,000, mara kumi ya kilichoruhusiwa Marekani, hata sauti yake ikasikika katika majimbo yote hadi Canada. Usiku mmoja wa mwaka 1939 Sara aliutoa wimbo mmoja kwa heshima ya rafiki yake Coy Bayes wa California, naye Bayes, aliyekuwa akisikiliza huko na hakuwa amepata habari za Sara kwa miaka, akaondoka, akaendesha gari hadi Texas. Nao wakaoana mwezi wa Februari. Carter hakuoa tena. Redio ya tapeli wa korodani za mbuzi ndiyo pia iliyolifikisha jina la akina Carter kwenye nyumba za wakulima maskini wa pamba, na katika moja ya nyumba hizo, huko Arkansas, Johnny Cash aliyekuwa mtoto bado aliisikia kwa mara ya kwanza sauti ya msichana aliyekuja kuwa mkewe.

Kutoka milimani, msafiri hushuka magharibi hadi Nashville, mji mkuu wa Tennessee na mji mkuu wa kantri, na huko ziara hupaswa kuanza katika jumba la Ryman, la matofali mekundu na madirisha marefu kama ya kanisa. Thomas Ryman alikuwa nahodha mwenye meli za mtoni, zilizouza pombe pamoja na kupakia shehena. Mnamo 1885 alikwenda kumsikiliza mhubiri Sam Jones katika hema, akatoka humo ameguswa moyo hata akaazimu kujenga nyumba ambamo mhubiri yule hatahitaji hema tena. Ilifunguliwa 1892. Viti vyake ni mabenchi marefu ya kanisani, na sauti ya mtu mmoja asiyekuwa na mikrofoni huwafikia walioketi ghorofani; ndiyo sababu waimbaji waliipenda kuliko kumbi zilizokuwa na starehe zaidi. Kuanzia 1943 hadi 1974 nyumba hiyo ilikuwa makao ya Grand Ole Opry, onyesho la redio la kila Jumamosi usiku lililoanzishwa 1925 na kampuni moja ya bima iliyotaka jina lake lijulikane mashambani. Opry ilipohamia jengo jipya nje ya mji, kipande cha duara chenye upana wa futi sita kilikatwa katika mbao za mwaloni za jukwaa la Ryman kikapachikwa katikati ya jukwaa jipya, ili kila aimbaye asimame pale waliposimama waliomtangulia. Na gharika ya Mei 2010 ilipolifunika jukwaa kwa maji ya mto Cumberland, duara hilo lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuokolewa na kurudishwa mahali pake.

Jina lenyewe la Opry lilizaliwa usiku wa tarehe 10 Desemba 1927, na aliyekuwa akipiga chombo alikuwa DeFord Bailey. Kabla ya zamu ya onyesho hilo kuanza, redio ilikuwa imetoa kipindi cha muziki wa kizungu wa kitaaluma kilichoongozwa na Walter Damrosch, aliyeeleza kwamba sanaa ya juu haina nafasi kwa mambo ya uhalisi mtupu, ila kwa usiku ule tu atawapigia kazi inayoiga mwendo wa treni. Mtangazaji wa Nashville, George Hay, aliposhika hewa, alisema kwamba saa zinazofuata zitakuwa za uhalisi na si kitu kingine, akamwita Bailey, naye Bailey akaweka kinanda chake cha mdomo kwenye midomo akaipitisha treni yenyewe mbele ya mikrofoni: magurudumu, firimbi, mlimani na bondeni, hata ikatokomea. Hapo ndipo Hay alipowaambia wasikilizaji kwamba baada ya opera kubwa ya wakubwa sasa wanasikia opera kubwa ya watu wa shamba.

Bailey alizaliwa 1899 mashariki ya Nashville, mjukuu wa mpiga fidla aliyekuwa mtumwa. Maradhi ya polio yalimpata utotoni, yakamwacha mfupi na mwenye kibyongo kidogo, na wakati wa kulala kitandani ndio alioutumia kusikiliza mbwa, upepo na magarimoshi na kuyaiga katika kinanda. Kwa miaka kama kumi na mitano alikuwa mmoja wa nyota wa kwanza wa onyesho lile, na watu waliomsikia redioni wengi hawakujua kwamba ni mweusi. Katika safari za maonyesho hoteli zilimkataa. Mzee Uncle Dave Macon, mpiga banjo mwenye meno ya dhahabu aliyeingia muziki akiwa na umri zaidi ya miaka hamsini baada ya malori kuua biashara yake ya kusafirisha mizigo kwa nyumbu, alikuwa akiwaambia wenye hoteli kwamba kijana huyu ni mtumishi wake, apate kulala. Mnamo 1941 ukazuka ugomvi baina ya redio na chama cha wenye haki za nyimbo, redio zikapiga marufuku nyimbo zilizosajiliwa na chama hicho, na zile alizojulikana nazo Bailey zikawa humo. Akafukuzwa kazi, na ikasemwa kwamba hataki kujifunza nyimbo mpya. Nasema wazi kwamba hoja hii hainiridhishi, kwani waimbaji wengine walikabiliwa na marufuku hiyo hiyo wakabaki. Bailey akafungua kibanda cha kung'arisha viatu mjini Nashville, akaishi kwa kazi hiyo miongo kadhaa, akirudi jukwaani mara chache tu kabla ya kufa kwake mnamo 1982, na jumba la heshima la muziki wa kantri, lililofungua milango 1967 katika mji ule ule, halikumwingiza katika orodha yake hadi 2005.

Nashville ina visa vingi vya namna nyingine, vya kuchekesha na vya kutisha, na wenyeji huvisimulia kila wapatapo mgeni. Husimulia habari za George Jones, ambaye mkewe alificha funguo zote za magari ili asiende kununua pombe, naye akapanda mashine ya kukatia majani akaiendesha maili nyingi hadi dukani. Husimulia pia habari za David Akeman, mpiga banjo mchekeshaji aliyejulikana kwa jina la Stringbean, ambaye hakuziamini benki tangu dhiki ya miaka ya 1930. Usiku wa Novemba 1973 yeye na mkewe waliuawa na wezi waliowangojea nyumbani wakirudi kutoka Ryman, na fedha waliyoitafuta wezi haikuonekana hadi miaka zaidi ya ishirini baadaye, maelfu ya dola zilizoliwa na panya nyuma ya tofali la bomba la moshi. Banjo aliyoipiga Stringbean, na aliyoipiga Macon kabla yake, ni chombo kilichofika Marekani katika kumbukumbu za watumwa wa Afrika ya Magharibi, waliokiunda upya kwa vibuyu na ngozi walizozikuta huko.

Kusini zaidi, katika Alabama, kaburi la Hank Williams lililoko juu ya kilima cha Montgomery huvuta wageni kuliko makaburi ya magavana, na katika jumba lake la makumbusho limehifadhiwa lile gari la Cadillac ambamo alikutwa amekufa kwenye kiti cha nyuma, huko Oak Hill, West Virginia, tarehe 1 Januari 1953, akiwa na umri wa miaka 29, wakati kijana mwanafunzi aliyeajiriwa kumwendesha alikuwa akimwahisha onyesho la mwaka mpya Ohio. Watu wapatao elfu ishirini walihudhuria mazishi yake. Wachache wao walijua habari za Rufus Payne, aliyeitwa Tee Tot, mwimbaji mweusi wa barabarani katika miji ya Georgiana na Greenville, ambaye Hank alimfuata utotoni kama mwanafunzi amfuatavyo mwalimu wake wa chuo, akajifunza kwake gitaa na namna ya kumshika mpita njia asipite, kwa malipo ambayo husemekana yalikuwa sahani ya chakula cha mama yake Hank. Payne alifariki Montgomery mnamo 1939, maskini, akazikwa katika makaburi ya Lincoln pasipo alama. Liko huko sasa jiwe la kumkumbuka, lakini kaburi lenyewe halijulikani ni lipi. Kadhalika katika Rosine, Kentucky, penye kaburi la Bill Monroe, baba wa muziki wa blugrasi, mgeni huonyeshwa nyumba ya mjomba wake mpiga fidla, na hana budi kuuliza mwenyewe habari za Arnold Shultz, mchimba makaa mweusi na mpiga gitaa ambaye Monroe, kwa ukweli unaostahili kusifiwa, alisema mara nyingi kwamba ni kwake alikopata mwonjo wa muziki wake.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania wenye umri mkubwa kidogo hawahitaji kuelezwa habari za Jim Reeves, kwani sauti yake iliingia katika nyumba zetu kwa redio na santuri, ikapigwa misibani na wakati wa Krismasi, ikakaa kama ya jamaa. Alikuwa mtangazaji wa redio na mchezaji wa besiboli kabla ya kuwa mwimbaji, na yapata 1957 aligundua, pamoja na fundi wake Chet Atkins, kwamba akisogeza kinywa karibu kabisa na mikrofoni na kuimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na mmoja tu, fidla na banjo hazihitajiki tena. Studio B ya kampuni ya RCA, alimoimba hivyo, ingali wazi kwa wageni Nashville. Mwaka 1962 alizuru Afrika ya Kusini, akaimba hata kwa Kiafrikana, na tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyoiendesha mwenyewe ikaanguka katika tufani karibu na Nashville. Nairobi ina waimbaji wa kantri hata leo, na Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis, ni mmoja wao.

Lakini kabla ya Reeves kufika kwetu alifika mwingine, na kwa njia ya ajabu zaidi. Siku mbili tatu baada ya akina Carter kuondoka Bristol, tarehe 4 Agosti 1927, Jimmie Rodgers wa Meridian, Mississippi, aliimba mbele ya Peer nyimbo mbili, peke yake, kwa kuwa usiku uliotangulia alikuwa amegombana na wenziwe juu ya jina la kundi. Alikuwa amefanya kazi ya kushika breki katika magarimoshi hadi kifua kikuu kikamtoa, na utotoni alikuwa amewapelekea maji mafundi weusi wa reli, ambao nyimbo zao za kazi zilimwingia. Juu ya nyimbo hizo aliongeza mwito wa kurusha sauti kutoka kifuani kwenda kichwani na kuirudisha. Aliimba miaka sita tu. Mnamo Julai 1930 alinasa sauti pamoja na Louis Armstrong na mkewe Lil, na majina yao hayakutiwa kwenye santuri ile. Mei 1933, huko New York, alipumzishwa kitandani baina ya wimbo na wimbo, akafariki siku mbili baada ya kazi kwisha, na treni ikamrudisha Meridian, ambako jumba lake la makumbusho limehifadhi gitaa lake.

Santuri zake zilisambazwa katika himaya yote ya Uingereza, nazo zilifika kwa walowezi na wamisionari wa nchi ya Kericho. Mnamo 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey, alipofika Kapkatet kunasa sauti za Wakipsigis, alikuta zinaimbwa nyimbo za Chemirocha, na kwa kuuliza akafahamu kwamba Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina lililopita katika ndimi za Kikipsigis likatoka na sura nyingine. Wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimhimiza acheze kwa nguvu hata aruke atoke katika nguo zake. Kinubi cha nyuzi chache kiliwaandama, na mwimbaji kiongozi, Chemutoi Ketienya, ana sauti nyembamba na imara ambayo mtu akiisikia mara moja huijua popote. Sioni kwamba wasichana wale walimkosea Rodgers. Walifanya alivyofanya Riddle, alivyofanya Bailey na treni, na alivyofanya Rodgers mwenyewe na nyimbo za wafanya reli: waliisikia sauti ngeni, wakaipokea, wakaifanya yao.

Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, na mnamo 2015 nakala zake zilirudishwa Kericho, zikasikilizwa na wazee ambao baadhi yao waliikumbuka siku ile mzungu alipokuja na mashine zake. Katika maandishi ya Tracey, Chemutoi ametajwa kwa jina lake. Wenziwe walioitikia wameandikwa kuwa ni wasichana wa Kikipsigis, basi.